Nilimrudisha Darasa kwa Jibu Lililokuwa Sahihi

Mshauri wangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye siku kumi na moja sasa chakula hakimpiti kooni. Nimekaa kwenye dawati la nyuma la darasa langu mwenyewe, watoto wameshatoka, mlango nimeurudishia, na naomba usinikatishe, niache niseme yote kwa pumzi moja maana nikisimama njiani najijua sitaendelea.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, darasa la tatu, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Si mwalimu mvivu, yeyote atakwambia, nafika kabla ya kengele, madaftari nasahihisha siku hiyo hiyo, na kitu ambacho shule nzima wananijua nacho ni silabi, nawafundisha watoto kuhesabu silabi za maneno ya Kiingereza kwa kupiga makofi, ukipita dirishani kwangu saa tatu asubuhi utadhani kuna harusi. Nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu, naye alifundishwa hivyo na wake, kwamba kila irabu unayoiona ina kofi lake, kama ilivyo kwetu, ka-la-mu makofi matatu, me-za makofi mawili, basi na "cake" nayo makofi mawili, ca-ke, na "home" mawili, na "name" mawili, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza, kwani sisi wenyewe si tunasema keki? Halafu kuna yale maneno ambatani, maneno mawili yaliyoungana yakawa moja, hayo ndiyo nilikuwa nayapenda kuliko yote, nimeyachora kwa rangi kwenye bango kubwa ukutani, "homework" makofi matatu, "cupcake" matatu, "pancake" matatu, "sunshine" matatu, na chini kabisa niliweka "carpet", gari na mnyama wa nyumbani, na "season", bahari na mwana wa kiume. Miaka kumi na tisa bango hilo liko ukutani. Nikilibadilisha ni kwa sababu karatasi imechakaa.

Mwaka jana aliingia darasani kwangu msichana mmoja, mwembamba, meno ya mbele makubwa mawili, sketi yake ina vitobo vidogo vidogo vya cheche kwa sababu baba yake ni fundi wa kuchomelea mageti na yeye akitoka shule hushinda pale karakana. Mama hayupo, alifariki mtoto akiwa mdogo. Baba naye masikio yamekufa kwa sababu ya zile mashine, hasikii kabisa, ukiongea naye anakutazama mdomo. Sasa huyu binti kila nikisema tupige makofi, wenzake wanapiga, yeye anaweka kiganja chini ya kidevu na kulisema neno polepole kama mtu anayetafuna. Mimi nikaona ni jeuri. Nikaona ananiigiza. Siku moja nimeandika "homework" ubaoni, darasa zima paa paa paa, yeye ameshika kidevu, nikamwita mbele.

"Ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

"Mbili za wapi?"

"Home ni moja, work ni moja. Zikiungana ni mbili. Ya tatu imetoka wapi?"

Mshauri, lile swali nilikuwa nimelifungua mwenyewe, mimi ndiye niliyewaambia kwamba neno ambatani ni maneno mawili yaliyoshikana mikono, mtoto amelitenganisha vizuri, amehesabu huku, amehesabu huku, amejumlisha, na badala ya kumsikiliza nilihisi damu imenipanda usoni kwa sababu watoto arobaini na wawili walikuwa wananitazama wakisubiri jibu. Nikamwambia asimame hapo hapo, awageukie wenzake, apige makofi matatu ya "homework" mara thelathini. Akapiga. Kufika mara ya kumi wenzake walikuwa wanahesabu naye kwa kelele na kucheka. Tena akirudi kwenye dawati nikasema, na hili natamani ardhi inimeze, nikasema, "Haya, Kidevu, kaa chini." Tangu siku hiyo hana jina lingine shuleni, ni Kidevu, mpaka wapishi wanamwita hivyo.

Kuna siku nyingine aliniuliza, kwa adabu kabisa amenyoosha mkono, eti gari na mnyama wa nyumbani wanatengenezaje zulia. Nikamwambia Kiingereza hakina kwa nini.

Ukafika mtihani wa kufunga mwaka. Maswali hamsini, na ishirini kati ya hayo ni ya maneno ambatani na silabi, nimeyatunga mwenyewe. Binti akapata ishirini na mbili, na ya kupanda darasa ni ishirini na tano. Shule yetu ina sheria, ukifeli Kiingereza au Hesabu unarudia, hata kama mengine umeng'ara, na yeye mengine alikuwa ameng'ara. Nikasaini. Akarudia. Wenzake wakaenda la nne, yeye mwaka huu amekaa tena mbele yangu, dawati lile lile, na nakuambia ukweli nilikuwa nimefurahi, maana safari hii alikuwa anapiga makofi vizuri kuliko wote, "cake" mawili, "homework" matatu, hakosei hata moja, nikawa najisifu ofisini kwamba kurudia kumemsaidia.

Sasa sikia kilichonipata. Wiki mbili zilizopita tuliitwa semina ya siku mbili, walimu wa madarasa ya chini kutoka shule kadhaa, kwenye ukumbi fulani wenye viti vya plastiki. Mwezeshaji ni dada mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Akasema, wapendwa walimu, leo hatupigi makofi, kila mtu aweke kiganja chini ya kidevu.

Mshauri, sijui nikueleze vipi. Niliuona mkono wa yule dada ukipanda kwenda kidevuni nikaiona ile sketi yenye vitobo.

Akasema, semeni "cake", polepole, kila kidevu kikishuka na kukigusa kiganja hesabu moja. Nikasema. Kidevu kilishuka mara moja. Nikarudia, nikakaza, nikakivuta kwa nguvu kishuke tena, hakikushuka. Nikanyoosha mkono mimi mtu mzima nikasema hapana mwezeshaji, ni mbili, ca-ke, na ukumbi ukagawanyika, wengine walicheka, wengine niliwaona wametoa macho kama mimi. Akanijibu taratibu, mwalimu, ile herufi ya mwisho imeandikwa lakini haisemwi, silabi ni ya sikio, si ya jicho. Kisha akaandika "homework" na kuchora mstari katikati. Akasema ukiwa na shaka na neno ambatani litenganishe kwanza, hesabu kila upande peke yake, halafu jumlisha. Maneno yale yale! Ya mtoto wa miaka tisa! Halafu akasema kuna maneno yanayojifanya ambatani na siyo, msidanganyike, kwa mfano "carpet". Nikainama, uso nikauficha kwenye viganja. Mwalimu wa shule jirani akaniuliza, dada vipi, unaumwa? Nikasema presha.

Kesho yake nilifika shule kabla mlinzi hajafungua ofisi. Karatasi za mitihani ya mwaka jana tunazitunza kabatini, nikaitoa ya binti, nikakaa sakafuni pale pale nikaisahihisha upya kwa mkono wangu kidevuni. Katika yale ishirini nilimpa tisa. Makosa kumi na moja. Mshauri, kumi kati ya hayo kumi na moja yalikuwa sahihi. Alilokosa kweli ni moja tu, "umbrella", aliandika nne. Alistahili kumi na tisa kati ya ishirini. Alistahili thelathini na mbili kwa jumla. Alikuwa amefaulu. Na nikatoa karatasi za wenzake watatu juu juu nikaona waliopata vizuri ni wale waliokosea kama mimi.

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Mlango wake ulikuwa wazi, nilimwona anakoroga chai. Lakini juma lile lile alikuwa ametangaza kwamba mimi ndiye nitakayefundisha walimu wenzangu wa shule nne namna ya kufundisha silabi, jina langu limeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nikaikunja ile karatasi mara nne, nikaitia kwenye mkoba, nikaondoka nayo. Iko nyumbani kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Haya, na bado. Siku tatu baadaye ilikuwa siku ya wazazi. Baba yake akaja, amevaa shati limepigwa pasi, mikono ameisugua lakini weusi wa kazi hautoki, binti yuko pembeni yake. Anaongea kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya barabara, kwa sababu sauti yake mwenyewe haisikii. Darasa zima la wazazi likageuka.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru. Wengine wanapandisha tu watoto. Wewe ulisema ukweli, mtoto hajui, arudie. Nimeona madaftari yake, sasa anapata vema zote. Lile lilikuwa kosa langu mimi. Nyumbani hana wa kumsikiliza akisoma. Masikio haya ndiyo yamemrudisha darasa."

Akajigonga sikio kwa kidole, paa, na kutabasamu.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo, akautazama mdomo wangu jinsi anavyotazama, na mimi, mshauri, sijui shetani gani alinishika mkono, niliinua daftari lililokuwa mezani nikafunika mdomo, na nyuma ya daftari nikasema, "Nisamehe baba, mtoto wako hakufeli, mimi ndiye niliyekosea." Niliyasema yote. Kwa sauti ya chini, lakini yote. Nadhani nilitaka yatoke bila kufika kwake. Yeye aliona taya zinacheza, maneno hakuyaona. Akamgeukia binti akamuuliza, "Mwalimu kasema nini?"

Binti alikuwa amesikia. Alisimama nusu hatua kutoka kwangu. Alinitazama mimi, akalitazama daftari, kisha akamgeukia baba yake, akainua uso ili midomo ionekane vizuri, na kusema, "Amesema nikaze buti."

Baba akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, wakaondoka.

Sijalala vizuri tangu hapo. Juzi nikaona liwalo na liwe, wakati wa mapumziko nikamwita binti peke yake darasani. Nilitaka kwanza kujua kama anajua anachokijua, sijui unanielewa. Nikaandika "cake" ubaoni. Nikamuuliza silabi ngapi. Hakuinua mikono kupiga makofi wala hakushika kidevu. Aliniuliza:

"Unataka jibu lako, mwalimu, au la kweli?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza bila hasira hata kidogo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba la kweli ni moja, lakini la kwangu ni mbili, na kwamba mwaka jana alitoa la kweli akarudia darasa, kwa hiyo sasa shuleni anatoa la kwangu, la kweli wanalitumia nyumbani na baba. Nikamuuliza nani alimfundisha kushika kidevu. Akasema hakufundishwa, baba yake hasikii maneno, anayaona, nao hucheza mchezo wa kuhesabu kidevu cha mwenzio kimeshuka mara ngapi, hata kwa maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye maboksi ya vifaa. Kisha akaniuliza kama anaweza kwenda, kengele imelia.

Mume wangu ni fundi simu, mtu mpole, nilimweleza yote. Aliweka kiberiti juu ya cherehani akasema, "Choma hiyo karatasi. Mwaka umeshapita. Mtoto anaendelea vizuri. Nani amewahi kufa kwa silabi?" Nami nusu ya moyo inamkubali. Nikisema, cheo kimekwenda, jina limekwenda, wazazi wa miaka kumi na tisa wataanza kuja mmoja mmoja. Nisiposema, kila asubuhi naingia darasani na yule mtoto ananipigia makofi mawili ya "cake" huku ananitazama usoni. Nifanye nini? Nimsaidie kimya kimya, nimpe vitabu, nimpe alama nzuri mwisho wa mwaka, yaishe? Au niende kwa baba yake? Naogopa yale macho yanayotazama mdomo.

Mimi, Mwalimu wa Makofi

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, barua yako nilianza kuisoma nimekaa nikaimaliza nimesimama. Nimepokea mengi kwenye meza hii, wake wenza, mawifi, wachumba waliotoroka siku ya posa, na sikudhani kuna siku ningeshikwa na ubaridi mgongoni kwa sababu ya keki.

Kwanza nikupe haki yako. Nimeweka kiganja chini ya kidevu na kusema "cake" mara tano, mhariri akapita akaniuliza kama jino linauma. Ni moja. Na mimi pia nilifundishwa mbili. Kwa hiyo kutojua kwako sikucheki, ulipewa kitu kibovu na watu waliokuwa wakikupenda, ukakibeba kwa bidii miaka yote. Mwalimu aliyekosea kwa kutojua anasahihishwa, anaendelea na kazi. Ungeishia hapo ningekutumia pole na kalamu nyekundu.

Lakini hukuishia hapo. Mtoto alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa darasani mwako, ukamjibu kwa kumsimamisha achekwe. Ukampa jina la kejeli. Siku ulipoujua ukweli ukaukunja mara nne na kuuweka chini ya vifungo. Kisha ukaungama nyuma ya daftari mbele ya mtu asiyesikia. Dada yangu! Hilo nimelisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Huko hakukuwa kuomba msamaha. Ulikuwa unajipunguzia mzigo wewe, ukamtwika aliyekuwa karibu, naye ana miaka tisa. Sasa binti huyo anamlinda mwalimu aliyemdhulumu na kumdanganya baba anayempenda, na baba anatembea mjini akiamini masikio yake yamemharibia mtoto. Wakati masikio hayo hayo ndiyo sababu mtoto alijua.

Unaniambia binti anaendelea vizuri. Haendelei vizuri. Amejifunza kwamba shuleni ukweli unaadhibiwa na kosa linapewa vema. Unataka kumwongezea alama mwisho wa mwaka? Umpe rushwa kwa kitu ambacho ni chake? Hapana.

Mwambie mume wako asante, kiberiti akirudishe jikoni. Karatasi hiyo haichomwi. Kesho asubuhi iingie kwenye mkoba, na uiweke mezani kwa mkuu wa shule kabla hajaanza kukoroga chai. Mwambie alama ni thelathini na mbili, mwambie umeificha siku ngapi, usimwachie agundue hata kipande. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kumpandisha binti darasa, na hilo liombwe kesho, si muhula ujao. Habari ya kufundisha walimu wengine usiitetee. Akikuacha, umeachwa.

Siku hiyo hiyo nenda kwa baba. Usimwite shuleni, nenda wewe kwake. Simama penye mwanga, mtazame, sema polepole, na usimtumie binti kama mkalimani hata kwa neno moja, hilo tafadhali sana. Chukua karatasi nyeupe uandike kwa herufi kubwa mambo matatu endapo hatakusoma vizuri: mtoto alifaulu, mimi nilikosea, nilipojua nilificha. Usiongeze "lakini". Mwambie pia ule mchezo wao wa kidevu wataalamu wanaufundisha ukumbini, watu wazima wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Hilo analistahili kulisikia, au kuliona.

Na darasani toa bango ukutani mbele ya watoto, uwaambie mwalimu alikosea na leo tunaanza upya. Usimsimamishe binti kuwa kielelezo, ameshasimama mbele ya darasa hilo vya kutosha. Jina la kejeli likome, aliitwa jina na wazazi wake.

Wasomaji wangu, majibu haya nilimpelekea mwalimu kwa simu siku niliyoyaandika, nikaona mtoto hawezi kusubiri zamu ya gazeti. Jana amenipigia. Kwa ruhusa yake nawaambia yaliyotokea.

Mkuu wa shule aliuliza kwanza kama kuna wengine. Wamekaa siku mbili wakisahihisha upya karatasi zote za mwaka jana, na wamekuta mtoto mwingine mmoja aliyerudia kwa kukosa alama mbili. Wote wawili wako darasa la nne tangu Jumatano. Jina la mwalimu limetolewa kwenye ubao wa matangazo. Amepewa barua ya onyo. Ameombwa aende tena semina, safari hii kama mwanafunzi.

Karakana alikwenda peke yake. Baba alizima mashine, akavua miwani ya kazi, akamtazama mdomo. Alimwomba arudie mara mbili, si kwa sababu hakuelewa. Mwalimu akampa ile karatasi ya mtihani. Akaipitishia kidole cheusi swali kwa swali, huku anasema maneno yale kwa midomo bila sauti, mkono mmoja uko kidevuni. Alipofika mwisho akasema, "Mwaka mzima nimemwomba mtoto wangu msamaha kwa masikio haya." Basi. Hakumtukana, hakumshika mkono. Akavaa miwani, akawasha mashine, na mwalimu akabaki amesimama kwenye cheche mpaka alipoona haya ya kuendelea kusimama.

Mwalimu ananiuliza swali moja la mwisho, nami namjibu hapa. Anasema asubuhi getini binti anapita karibu yake, wenzake wote wanamwamkia, yeye anapita kimya macho mbele. Walimu wengine wanasema ameota pembe, aitwe ofisini afundishwe adabu. Afanye nini?

Mwalimu, usiruhusu mtu yeyote amwite ofisini. Mtoto ndiye huanza kumwamkia mkubwa, wewe unajua, mimi najua, kila mtu anajua. Safari hii anza wewe. Simama pale getini, umwite kwa jina lake, umwambie habari ya asubuhi. Akipita bila kujibu, ingia darasani ufundishe. Keshokutwa vivyo hivyo, na wiki ijayo, na muhula ujao, na usimuulize hata mara moja lini ataitikia.